Wagoni ya Mwisho na Chumvi ya Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini nilijificha ndani ya wagoni tupu. Nalisema mapema ili kijana anayenisoma asidhani analetewa hadithi ya shujaa.

Depo la reli hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, lilikuwa na desturi yake. Kila mfanyakazi akifika asubuhi, kabla ya kushika chombo chochote, alizunguka akimpa mkono kila aliyemkuta: mafundi, mashinisti waendesha treni, wapaka mafuta, walinzi. Kwa wenzangu ile ilikuwa raha ya asubuhi, na wengine walishikana mkono huku wakiulizana habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Mimi tangu utoto mkono wa mtu ukinishika ghafla, ngozi inaniwaka hadi begani, na sauti zote za mahali pale zinaniingia kichwani kwa pamoja. Niliwasalimia watu saba. Kwa wa nane nikakimbia.

Aliyenikuta ndani ya wagoni ni Msimamizi wa Ukaguzi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kaki, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kwanza. Alipanda polepole, akaketi mbali nami kidogo, akawa anatazama nje. Nilimpenda papo hapo kwa kutazama nje.

"Iko muntu alikupiga?" akauliza.

"Hapana, Papa."

"Uko na homa?"

"Hapana. Ni mikono. Mikono ya watu siiwezi."

Kisha akasema, "Kesho, mbele ya kuingia, paka grese mikono yote mbili. Muntu mwenye grese hana mukono ya kupatia watu. Anatoa hapa tu." Akagusa kifundo cha mkono wake, pale chini ya kiganja, jinsi mafundi wanavyosalimiana mikono ikiwa michafu. "Na kama hata hapa hautaki, paka mpaka kwenye kiwiko. Nani atakuuliza?"

Nikapaka grese miaka yangu yote ya kazi. Watu walisema Salumu ni mchapakazi kweli, anachafuka kabla hajaanza. Niliwaacha waseme. Yule mzee hakunisuta wala hakuniombea dua ya kunitoa pepo, na dua hizo nilikuwa nimeombewa nyingi. Alitafuta njia katika desturi ileile ya watu, akanipitisha. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye vyeti, na sijaona akili nyingine ya namna ile.

Kazi yenyewe Wabelgiji waliiita vizitere, na sisi tukaendelea kuiita hivyo. Vizitere ni mtu anayekagua magurudumu kabla treni haijaondoka. Nilikuwa na nyundo yenye mpini mrefu, na chaki. Gurudumu la treni limevalishwa duara la chuma kigumu, tuliloliita bandaji. Ndicho kinachokanyaga reli. Ukiligonga mara moja, si kwa nguvu, gurudumu zima hulia, na sauti yake inakwenda mbali ikipungua taratibu. Lenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Baada ya hapo unagusa sanduku la grese lililo mwishoni mwa ekseli kwa mgongo wa mkono. Likichoma, ekseli imekauka na inaweza kukatika njiani. Wagoni mbovu unaichora msalaba wa chaki, nayo inafunguliwa kutoka kwenye treni. Hakuna mashinisti aliyeruhusiwa kuondoka kabla vizitere hajamwambia kwa mdomo wake, "Zinalia."

Kwa kazi hiyo nilizaliwa. Masikio yaliyonitesa sokoni, kwenye harusi, hata kwenye mvua inayopiga mabati, kule depo yalikuwa mali. Nilizijua wagoni kwa sauti zao. Kulikuwa na moja ya kubebea mpunga ambayo gurudumu lake la kushoto lilibeba sauti mbili, ya chini na ya juu, na nilikuwa nikiigonga mara tatu, mara moja kwa kazi na mara mbili kwa ajili yangu. Wenzangu walicheka: "Salumu anatongoza chuma." Nami nilikuwa nacheka pia, baada ya kuelezwa.

Ili nisikie vizuri nilifumba macho. Msimamizi aliliona hilo wiki ya kwanza.

"Sikio yako inapita yetu yote," alisema. "Lakini fungua macho, mutoto. Chuma inaweza kunyamaza juu ya sababu ingine."

Niliitikia. Alipogeuka nikafumba tena.

Baada ya miaka minne walinihamishia Kibombo, kusini mwa hapa, stesheni ndogo ya treni mbili kwa juma. Mkubwa wa stesheni ile alikuwa mtu wa usingizi mwingi na moyo mzuri, na siku nyingi tuliketi bila kusemezana neno. Pale nilijifunza kutazama vitu visivyo vya chuma. Nilijua vyura wa mashamba ya mpunga huanza upande wa reli na kumalizia upande wa mto, na kwamba mvua ikiwa karibu wanaacha kupokezana, wanalia wote pamoja. Nilijua kumbikumbi wanatoka shimo lipi kwanza. Watu waliniambia nina upweke. Nawaambia ninyi, sijapata kuwa na wenzi wengi kama nilivyokuwa nao Kibombo. Kisha nikapelekwa kusini zaidi kwenye maghala makubwa, kelele tupu, sitaki hata kukumbuka. Nikarudishwa Kindu muda mfupi kabla ya vita. Msimamizi wangu alikuwa amekwisha kustaafu na kufa.

Nani alimpiga nani sitasema. Wanaopenda kusimulia hayo ni wengi. Nitasema tu kwamba treni zilipungua, kisha zikawa za bahati. Barabara zilifungwa, mafuta yakaisha, na chumvi ikawa kitu cha kufungia sandukuni. Tulichoma majani ya mtoni, tukachuja majivu yake, tukapata maji meusi machungu ya kutia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Chumvi nyeupe ililetwa na ndege, na aliyeipata alijulikana mtaa mzima. Na katika hali hiyo watu wa mji huu walifanya mambo ambayo hadi leo nayastaajabia. Vijana walisukuma baiskeli zenye magunia mazito kupita wao wenyewe, siku nyingi msituni, wakarudi na sabuni na dawa. Jirani aliyepata chumvi alipita nyumba kwa nyumba na kijiko. Nilikuwa sijui kuwasalimia watu hawa vizuri, lakini niliwapenda.

Siku moja ikatangazwa kwamba wasoda, yaani wanajeshi, wameruhusu treni kwenda Kibombo na mbele yake. Watu walikuwa wamesubiri stesheni kwa majuma, wamelala juu ya mizigo yao. Wagoni zilipounganishwa, walijaa ndani, juu na ubavuni. Vitu vilivyokosa nafasi walivifunga chini ya wagoni kwa kamba. Shefu wa Depo, mtu mnene mwenye sauti ya chuma, alinifuata akinisukuma kwa maneno: "Salumu, haraka, haraka. Wasoda watabadili mawazo."

Kelele zilikuwa nyingi mno. Watoto, mbuzi, filimbi, amri. Mvua nayo ikaanza. Nilifumba macho kwa nguvu na kugonga gurudumu moja moja. Zililia. Nikafika wagoni ya mwisho, gurudumu la nyuma. Likatoa sauti fupi iliyokufa. Nikagonga tena, vilevile. Nikachora msalaba.

Wakaifungua. Kwa kuwa ilikuwa ya mwisho haikuhitaji kuhamishwa. Treni iliondoka tu, ikaiacha pale imesimama na watu wake wote ndani. Wagoni nyingine hazikuwa na nafasi hata ya kuku. Nilidhani watanipiga. Badala yake walishuka wakaanza kunishukuru. Bibi mmoja alinyoosha mikono juu, akasema Mungu ameweka sikio la malaika kwenye kichwa cha mtu. Wote waliamini nimewaponya na kifo, maana kila mtu wa Kindu anajua habari ya treni zilizoanguka msituni.

Mmoja wao alikuwa mama wa miaka thelathini hivi, Mama Zaina, ambaye tangu siku ya kwanza ya kusubiri alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mama yake ni mgonjwa Kibombo na anamwita. Alinijia na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Chukua, baba," alisema. "Hii njo chumvi ya mama yangu. Lakini kama ningekufa njiani, nani angemupelekea? Kula na watoto."

Ilikuwa chumvi nyeupe, vijiko kama viwili. Niliipokea. Nikasema, "Gurudumu limekufa," nikaondoka.

Mvua ilipokatika nilirudi kuandika taarifa, maana taarifa lazima itaje ufa uko wapi. Safari hii ilinibidi nifumbue macho. Niliinama chini ya wagoni. Gunia la unga wa muhogo, limelowa likawa zito kama jiwe, lilikuwa limefungwa kwenye chasisi, likabana upande wa ndani wa gurudumu. Nilikata kamba, gunia likaanguka. Nikagonga, likalia. Gurudumu lilikuwa zima.

Treni ilikuwa imekwenda saa mbili zilizopita. Chumvi ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikwenda kwa Shefu wa Depo nikamwambia nimekosea. Alifunga mlango.

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Basi hakuna muntu aliona. Sikia, Salumu. Vizitere hapana rudia neno yake. Leo ukisema nyundo yako ilikosa, kesho mashinisti gani atakuamini? Tena, wale watu wanakuombea. Wanajua uliwaponya. Unataka kuwanyanganya hata ile?"

Nimelifikiri neno lake miaka mingi, na bado nakiri halikuwa la kijinga. Wala hakuwa mtu mbaya. Alilisha nusu ya depo kutoka shamba lake wakati ule. Ila mimi nilikuwa na jambo moja lisilokaa kichwani, nalo ni kitu kuwa hivi kikaitwa vile. Hilo si wema. Ni jinsi nilivyo, kama mtu asiyeweza kulala na kokoto kitandani. Nikamwambia, "Shefu, gurudumu ni zima," nikatoka.

Wale watu walikuwa wamekaa ndani na kando ya wagoni, wakitumaini mashini nyingine ya kuwavuta. Nilisimama mbele yao nikatazama bandaji, kwa kuwa nyuso nyingi kwa pamoja siziwezi. Nikasema gurudumu halina ufa. Nikasema kilichobana ni gunia, nami sikulitazama kwa sababu nilifumba macho. Nikasema walikuwa wafike Kibombo, nami ndiye niliyewabakiza.

Mwanamume mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Yule bibi wa malaika alijifunika kichwa. Nilimwendea Mama Zaina nikamrudishia chumvi yake.

Aliuliza, "Treni ingine iko lini?"

"Sijui."

Alifungua fundo, akatazama chumvi, akafunga tena. "Haina neno, baba," akasema. Akajitwika mzigo wake, akaondoka.

Treni nyingine haikuja. Siku chache baadaye reli ilikatwa huko mbele, na miaka ikapita. Mama Zaina alijaribu kwenda kwa miguu, akarudishwa njiani na mapigano. Habari ya kifo cha mama yake ililetwa na msukuma baiskeli. Nilikwenda matanga, Alunguli, ng'ambo ya mto, alikokuwa akiishi. Sikujua mtu aliyefanya nililofanya anasema nini matangani. Nilichukua ufagio nikafagia uwanja, kisha nikafagia tena, siku zote tatu. Hakuna aliyenifukuza.

Shefu alininyang'anya nyundo, akaniweka mlinzi wa wagoni zilizosimama. Nyasi ziliota hadi kwenye ekseli. Nilizigonga kwa jiwe kila asubuhi, nisije nikasahau sauti zao.

Amani iliporudi na reli ikafunguliwa, shefu huyohuyo alinirudishia nyundo kwa mkono wake. "Nilitafuta mwingine," alisema, "nikakosa." Tangu hapo nilifanya kazi macho wazi, na nasikitika kuwaambia kwamba yule mzee wa kwanza alikuwa na kweli: sikio halikupungua hata kidogo.

Mama Zaina alianza biashara ya mpunga, Kibombo na Kindu, Kindu na Kibombo. Kila safari, kabla hajapanda, alikuja hadi nilipo na kuuliza, "Zinalia?" Hakumwuliza mkubwa wa stesheni wala mashinisti. Alinisubiri nimalize gurudumu la mwisho, na wanawake wenzake walisimama nyuma yake, vikapu chini, bila kupanda. Nilimwambia zinalia, naye akapanda. Ikiwa moja haikulia nilimwambia hivyo, naye akakaa juu ya mfuko wake hadi siku nyingine. Miaka yote hiyo hatukuzungumza kingine.

Na hapo ndipo palikuwa na mzigo wangu. Wengine wakitazama uso wa mtu wanajua kama ana kinyongo. Mimi uso wa mtu siujui kuusoma. "Haina neno" nimeisikia kwa mtu aliyekanyagwa kidole sokoni, nimeisikia kwa mtu aliyefiwa. Alinisamehe siku ile, au aliniambia vile kwa adabu? Alikuja kuniuliza kwa sababu ananiamini, au anikumbushe? Niliyajua magurudumu yote ya Kindu, na jambo hilo moja sikulijua, nami nilistaafu silijui.

Baada ya mimi kustaafu, Mama Zaina aliendelea kuja. Kila Jumamosi anavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wetu wa kuchonga, kutoka Alunguli, analeta kikombe cha mchele, tunakunywa chai, anaondoka. Amezeeka, nami nimezeeka.

Mwaka jana binti yangu alimpeleka mwanawe kwa daktari, kwa kuwa hataki kushikwa na anapanga vifuniko vya chupa siku nzima. Nilikwenda nao. Daktari, mwanamke kijana mpole, aliuliza maswali mengi, nami nikawa najibu kabla ya binti yangu, kwa kuwa majibu yote niliyajua ndani yangu. Mwishowe akaweka kalamu chini, akanigeukia. Alisema mtoto ana otisme, na kwamba kwa kusikia kwake, babu naye anayo. Nimeambiwa huko Tanzania wanaita usonji. Nilikuwa na zaidi ya miaka sabini bila kujua kwamba kitu changu kina jina. Sikulia, binti yangu ndiye aliyelia. Nilimwuliza daktari swali moja tu: mtu asiyejua kusoma nyuso afanye nini?

"Aulize, koko," alisema, akiniita babu. "Kuuliza si ujinga. Kama hauone, uliza na mudomo."

Jambo jepesi namna hiyo. Wala halikuwa limenijia.

Jumamosi ile Mama Zaina alipoketi sikungoja chai. Nilimwuliza, "Mama Zaina, siku ile ya chumvi ulisema haina neno. Ulinisamehe?"

Aliweka kikombe cha mchele chini. Kwenye paa kunguru wawili walikuwa wakigombana, nikawasikiliza wao.

"Hapana," akasema.

Nikangoja.

"Mama yangu alikufa akiniita jina. Walioko pale waliniambia. Ile kitu niliweka ndani ya moyo, na haijatoka. Nilijaribu, nimeomba, haijatoka. Kila nikikuona, inaamuka." Alijipangusa mikono kwenye kitenge chake. "Lakini, Baba Salumu, wakati ile ya vita wakubwa wote walitudanganya. Treni inakuja, haikuja. Vita imeisha, haijaisha. Wewe peke yako ulikuja kutuambia mambo vile ilikuwa, na ulikuwa unajua tutakuchukia. Njo maana nikitaka kujua kitu vile kiko, ninavuka mayi, ninakuja hapa. Na wewe leo umeniuliza, basi nami nimekuambia."

Maumivu niliyasikia kifuani, hapa upande wa kushoto, na yapo hadi leo ninapoandika. Lakini pamoja nayo nilisikia kitu ambacho watu walikuwa wakinieleza maisha yangu yote nami sikukielewa: kwamba mtu anaweza kukujua yote, na asikuachie deni lako, na bado akaketi nawe.

Nilimwambia asante. Akasema maji yamechemka, nisiyaache yakauke. Jumamosi iliyofuata alikuja tena.